Shule Chini ya Miti: Historia ya Santiniketan

Watu wengi hufikiri kwamba kutunza udongo na miti ni kazi ya bwana shamba peke yake. Mchoraji, mchonga sanamu na mwimbaji, wao kazi yao ni kufurahisha macho na masikio, basi. Huyu anashika jembe, yule anashika ngoma, wala hawakutani ila siku ya sikukuu. Leo tunataka kuwaeleza habari za shule moja ya inchi ya India iliyokataa mawazo hayo. Ni shule ya sanaa: tangu zaidi ya miaka mia moja vijana wanajifunza huko kuchora, kuchonga, kuimba na kucheza. Tena ni shule iliyogeuza uwanda mkavu kuwa mahali pa kivuli. Jina lake Santiniketan, maana yake Makao ya Amani.

Habari hizi si za kupitisha wakati tu. Sisi tunaokaa katika inchi ya milima tunajua rangi ya maji ya mto baada ya mvua kubwa. Yale maji mekundu ni mashamba yetu yanayotukimbia, wala hayatarudi. Tunajua pia siku za kupanda miti. Wakubwa wanakuja, hotuba zinatolewa, miche inatiwa udongoni, watu wanapiga makofi. Mwaka unaofuata, nenda ukatazame: mche mmoja umeliwa na mbuzi, wa pili umekauka, wa tatu hata mahali pake hapajulikani. Basi swali letu ni hili: kitu gani kinamfanya mtu apande mti, kisha autunze mpaka umpe kivuli mjukuu wake? Tutafute jibu katika historia ya shule hiyo.

Miti miwili ya kwanza

Santiniketan iko katika wilaya ya Birbhum, jimbo la Bengali ya Magharibi, karibu na mji mdogo wa Bolpur wenye kituo cha reli. Mji mkubwa wa Kolkata uko mbali kidogo, yapata kilometa 160 kuelekea kusini. Udongo wa Birbhum ni mwekundu, mgumu, wenye changarawe. Majira ya jua kali joto hupita digrii 40, na nyasi zote hukauka. Kisha, kuanzia mwezi wa Juni, mvua hushuka kwa nguvu. Maji yakikuta ardhi tupu huichimba, huibomoa, hufanya makorongo mekundu. Wenyeji huyaita makorongo hayo khoai. Aliyeona mmomonyoko wa udongo kwetu hana haja ya kuelezwa zaidi.

Mwaka 1863 bwana mmoja, jina lake Debendranath Tagore, alikodi kiwanja katika uwanda huo. Alikuwa mtu wa ukoo wa heshima wa Kolkata, na kiongozi wa chama cha dini kilichoitwa Brahmo Samaj, kilichomwabudu Mungu mmoja bila sanamu. Alitafuta mahali pa kimya kwa kusali. Inasimuliwa kwamba mahali pale palikuwa na miti miwili tu ya kumpa mtu kivuli, nayo ilikuwa miti ya chhatim. Ni mti mrefu ambao majani yake hukaa kwa mafungu, mara nyingi saba saba. Debendranath akajenga nyumba ya wageni, akaiita Santiniketan. Kisha akaanza kupanda bustani. Lakini udongo ule haukutaka kulisha miti. Basi udongo mzuri ukaletwa kutoka mahali pengine, ukatiwa katika mashimo, na miche ikapandwa humo. Miembe ikakua, na miti mingine migumu ya inchi ile.

Tukumbuke jambo hili, kwani ndiyo misingi ya habari yote. Kivuli cha Santiniketan hakikuota chenyewe. Watu walikichimbia shimo.

Shule bila kuta

Debendranath alikuwa na watoto wengi. Mmoja wao, Rabindranath, aliyezaliwa mwaka 1861, alikuwa mshairi na mtunga nyimbo. Alipokuwa mtoto hakupenda masomo. Darasa lilikuwa kwake kama kifungo: kuta nne, mwalimu mkali, na dirisha linaloonyesha jua asiloweza kulifikia. Alipokuwa mtu mzima mwenye watoto wake, alikusudia kuanzisha shule ya namna nyingine. Tarehe 22 Desemba 1901 alifungua shule pale Santiniketan. Wanafunzi walikuwa 5, mmoja wao mwanawe Rathindranath.

Na hapa kuna jambo ambalo wasomaji wetu watapenda kulijua. Mmoja wa watu waliomsaidia kuanzisha shule hiyo alikuwa Mkatoliki. Ni Brahmabandhab Upadhyay, Mbengali aliyezaliwa katika ukoo wa Wabrahmani, akapokea ukatoliki mwaka 1891. Alipenda kumfuata Kristu huku akishika mila njema za inchi yake, hata akavaa kanzu ya rangi ya manjano kama watawa wa Kihindi. Alifanya kazi pamoja na mwanafunzi wake Rewachand, aliyeitwa baadaye Animananda, naye pia Mkatoliki. Hawakukaa muda mrefu. Mwaka 1902 Upadhyay aliondoka. Lakini katika mwanzo mgumu wa shule ile mikono yao ilikuwamo.

Masomo yalifanyika nje, chini ya miembe na miti mingine. Mwalimu aliketi mbele, watoto wakamzunguka juu ya mikeka. Mvua ikinyesha, walikimbilia barazani. Desturi hiyo haijakufa. Hata siku hizi watoto wa shule ya Santiniketan wanafundishwa chini ya miti.

Mtu atauliza: je, haikuwa sababu ya umaskini tu, kwamba fedha za kujenga hazikuwapo? Ni kweli fedha zilikuwa chache. Lakini Tagore alikuwa na shauri lake. Aliona kwamba mtoto anayejifunza chini ya mti atajua mti unapotoa maua, unapopukutisha majani, na ndege gani wanajenga kiota ndani yake. Atauzoea kama anavyomzoea ndugu. Na nani anayemkata ndugu yake kwa kupata kuni? Wahenga wetu walisema: Samaki mkunje angali mbichi. Tagore alimkunja mtoto mapema aelekee miti.

Mwaka 1913 mshairi huyo alipewa tuzo ya Nobel kwa maandiko yake, naye alikuwa mtu wa kwanza wa bara la Asia kupewa tuzo hiyo. Jina lake likajulikana duniani kote, na wageni wakaanza kufika. Mwanzoni mwa mwaka 1915 alifika Mohandas Gandhi, aliyekuwa amerudi kutoka Afrika ya Kusini. Gandhi alitazama shule, akaipenda, lakini akauliza: kwa nini wapishi na wafagiaji wafanye kazi zote, na wanafunzi wenye nguvu wakae? Akawashawishi wanafunzi na walimu wapike wenyewe, wafagie wenyewe, wasafishe vyoo wenyewe. Kazi hiyo ya kila siku haikudumu. Lakini tangu wakati ule, kila tarehe 10 Machi, wafanyakazi wa Santiniketan wanapewa pumziko, na wanafunzi pamoja na walimu wanashika fagio.

Mwaka 1919 ikaanza Kala Bhavana, yaani Nyumba ya Sanaa. Mchoraji Nandalal Bose aliiongoza kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1951. Naye hakuwafungia wanafunzi ndani wanakili picha za Ulaya. Aliwatoa nje, wachore mtende, ng'ombe, mama mwenye mtungi, na watu wa kabila la Santal wanaokaa vijiji vya jirani. Mwaka 1921 shule yote ikawa chuo kikuu, jina lake Visva-Bharati. Serikali ya India ilikichukua kuwa chuo kikuu chake mwaka 1951.

Wizi wa udongo

Lakini shule yenye kivuli katikati ya vijiji vyenye njaa, je, ni kitu gani? Ni kisiwa cha raha. Tagore aliona hivyo, na jambo hilo lilimsumbua. Vijiji vya Birbhum vilikuwa vimechoka. Udongo ulikuwa umechakaa, misitu imekatwa, malaria imedhoofisha watu, madeni yamewafunga. Tayari mwaka 1906 alikuwa amemtuma mwanawe Rathindranath Marekani, katika chuo kikuu cha Illinois, akajifunze kilimo. Fikirini: mshairi mkubwa anamtuma mtoto wake, si kujifunza mashairi, bali kujifunza shamba!

Mwaka 1921 alifika Santiniketan kijana Mwingereza, Leonard Elmhirst, aliyekuwa amejifunza kilimo huko Marekani katika chuo kikuu cha Cornell. Tarehe 6 Februari 1922, katika kijiji cha Surul, mwendo wa kilometa 3 hivi kutoka Santiniketan, wakaanzisha nyumba ya kazi za vijiji. Iliitwa Sriniketan. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa mama mmoja Mmarekani, Dorothy Straight, ambaye baadaye aliolewa na Elmhirst.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya aibu machoni pa wengi. Katika India ya siku zile, kusafisha vyoo ilikuwa kazi ya watu waliodharauliwa kuliko wote. Elmhirst hakungoja mtu mwingine. Alishika ndoo mwenyewe, akaimwaga katika mtaro wa bustani, akafunika kwa udongo. Wanafunzi, vijana wa jamaa za heshima, walitazama, kisha nao wakashika ndoo. Uchafu ukawa mbolea, na bustani ikapata nguvu. Hivyo walijifunza mambo mawili kwa ndoo moja: hakuna kazi ya aibu kama ina faida, na kitu kilichotoka udongoni sharti kirudi udongoni.

Mwaka huo wa 1922 Elmhirst alitoa hotuba huko Kolkata. Aliiita kwa jina kali: Wizi wa Udongo. Tagore ndiye aliyekuwa msimamizi wa mkutano, naye akasema maneno yake. Maana yake ni rahisi. Mji unakula mchele, mboga, kuni na vijana wa kijiji. Lakini haurudishi kitu. Mashamba yanatoa mwaka kwa mwaka, hayapokei. Mtu akitoa fedha benki kila siku bila kuweka, siku moja atakuta mfuko mtupu. Udongo nao ni hivyo hivyo. Mambo hayo yalisemwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na msomaji anayeona magunia ya makaa yakishuka mjini kila asubuhi ataona kwamba hayajazeeka.

Sriniketan haikusema tu. Ilianza vyama vya afya katika vijiji, ambamo kila jamaa ilitoa mchango kidogo na kupata dawa. Iliwafundisha watu kukausha madimbwi yenye mbu. Iliwakusanya vijana katika kikundi kama cha skauti, wazime moto na kusafisha kijiji. Na ilifundisha kazi za mikono: kufuma nguo, kufinyanga, kutengeneza ngozi. Wachoraji wa Kala Bhavana walisaidia kutafuta nakshi nzuri za vitambaa na vyungu. Hapo jembe na kalamu ya kuchorea vilikutana.

Mche unabebwa kama bibi arusi

Sasa tunafika kwenye jambo lililo moyo wa habari yetu. Mwezi wa Julai mwaka 1928, mvua zilipokuwa zimeanza, Tagore alifanya sikukuu ya kupanda mti. Kwa Kibengali inaitwa Vriksharopana. Siku iliyofuata, huko Sriniketan, ikafanyika sikukuu ya jembe, iitwayo Halakarshana: ng'ombe walipambwa, na mshairi mwenyewe, mzee wa miaka 67, akashika jembe la kukokotwa akafungua mfereji wa kwanza. Nandalal Bose alichora sherehe hiyo ukutani huko Sriniketan, na picha hiyo imekuwa maarufu.

Sikukuu ya mti ilifanywaje? Mche haukuletwa katika mkebe wa zamani. Uliwekwa ndani ya machela yaliyopambwa kwa maua, ukabebwa mabegani kama bibi arusi. Wasichana walitangulia wakiimba na kucheza. Watoto watano walivaa mavazi ya kuonyesha vitu vitano vinavyolisha mti: udongo, maji, mwanga, hewa na mbingu. Kila mmoja alisema maneno yake ya kuupokea mche. Nyimbo zilikuwa za Tagore mwenyewe, na mapambo yalikuwa kazi ya wanafunzi wa Kala Bhavana. Ndipo mche ukatiwa ardhini.

Wengine watacheka: fujo yote hiyo kwa mche mmoja! Lakini tutazame vizuri. Amri ya serikali ikisema, «Pandeni miti 100», watu wanapanda miti 100 kwa mkono na kuing'oa kwa moyo. Huko Santiniketan mtoto aliyevaa vazi la maji, akauambia mche mbele ya wazazi wake wote kwamba maji hayatamkosa, atapita pale kesho na kuukuta umelegea kwa jua. Je, hataona haya? Sanaa ilifanya kazi ambayo amri haiwezi kuifanya. Ilimfunga mtoto na mti kwa ahadi.

Mwenye hekima atakumbuka kwamba sisi nasi tulikuwa na mambo kama hayo. Kuna mahali ambapo kitovu cha mtoto kilizikwa chini ya mgomba, na mgomba ule ukawa wake. Kuna miti ambayo wazee walikataza kuikata kwa sababu mfalme alizikwa hapo. Hawakuwa na vitabu vya kilimo, lakini walijua kwamba mti wenye jina haukatwi ovyo.

Tagore alikufa tarehe 7 Agosti 1941. Kwa kalenda ya Kibengali ilikuwa tarehe 22 ya mwezi wa Srabon, katikati ya mvua. Tangu hapo watu wa Santiniketan wanapanda mti siku hiyo ya kumbukumbu yake, kila mwaka, kwa nyimbo zile zile. Hawakuchagua kuomboleza kwa jiwe, walichagua mche. Nayo serikali ya India, mwaka 1950, ilianzisha juma la kupanda miti katika inchi nzima, katika mwezi wa Julai.

Nyumba za udongo, sanamu za changarawe

Wanafunzi wa sanaa hawakupanda tu. Walijenga pia, na kwa vitu vilivyokuwa chini ya miguu yao. Mwaka 1935 ilimalizika nyumba ya Tagore iliyoitwa Shyamali. Msanii Surendranath Kar aliichora, na Nandalal Bose pamoja na wanafunzi wakaipamba kuta zake kwa picha za kufinyangwa. Nyumba yote ilikuwa ya udongo, hata dari. Sababu gani? Nyumba za maskini wa Birbhum zilikuwa za kuta za udongo na paa la nyasi, na nyasi hushika moto kwa urahisi. Tagore alitaka kujaribu kama udongo peke yake waweza kutosha. Vyungu vitupu vilijengewa ndani ili joto lisipenye. Mwaka 1940 Gandhi na mke wake Kasturba walilala katika nyumba hiyo.

Karibu miaka hiyo hiyo wanafunzi wa Kala Bhavana walijijengea bweni la udongo, wakalipaka lami nje ili mvua isilimomonyoe, wakalipamba kwa sanamu za ukutani. Kwa rangi yake linaitwa Nyumba Nyeusi. Naye mchonga sanamu Ramkinkar Baij, mtoto wa jamaa maskini, hakuwa na fedha za kununua shaba wala marmara. Alichukua changarawe nyekundu ya pale pale, akaichanganya na simenti. Mwaka 1938 akamaliza sanamu kubwa ya jamaa ya Kisantal inayosafiri, baba, mama, watoto na mbwa wao. Iko nje, chini ya miti. Sasa inahesabiwa kuwa kati ya kazi kubwa za sanaa ya India ya karne ya 20.

Tuone busara ya mambo hayo. Vitu havikusafirishwa kutoka mbali, msitu haukukatwa kuchoma matofali, na mwanafunzi alijifunza kwamba uzuri hautegemei bei. Lakini tusidanganyike: nyumba ya udongo inadai kazi. Kila mwaka sharti itengenezwe. Ukiiacha misimu michache, inarudi kuwa udongo. Imekuwa lazima kuzitengeneza nyumba hizo mara nyingi ili zisianguke.

Mbegu iliyovuka bahari

Leonard na Dorothy Elmhirst walikwenda Uingereza, na mwaka 1925 wakanunua shamba kubwa lililochakaa katika jimbo la Devon. Linaitwa Dartington. Walitaka kufanya huko kazi kama ile ya Sriniketan: kutengeneza udongo, kupanda miti tena, na kuleta wanamuziki, wachezaji na wafinyanzi wakae kati ya wakulima. Mwaka 1961 ikaanzishwa hapo shule kuu ya sanaa. Mwaka 2010 shule hiyo ilihamishwa kupelekwa Falmouth, kwani vyuo vinakuja na kuondoka. Lakini miti haikuhama. Tena mwaka 1994 ilianzishwa katika ardhi ya Dartington bustani ya namna ya msitu: miti mirefu juu, miti ya matunda chini yake, vichaka na mboga chini zaidi. Wazungu wengi walishangaa. Mama wa kwetu mwenye migomba, mikahawa, maharage na viazi katika shamba moja hatashangaa sana.

Sikukuu inapochafua uwanja

Wasomaji wapenzi, tungeweza kumaliza hapa kwa kusifu. Lakini historia ya kweli haifichi upande wa giza.

Tangu mwaka 1894 kuna soko kubwa la sikukuu huko Santiniketan mwezi wa Desemba, liitwalo Poush Mela. Debendranath alilitaka liwe mahali pa wanakijiji kuuza vyungu na vitambaa vyao, na waimbaji wa dini, waitwao Baul, kuimba. Soko lilikua, likakua tena. Wageni wakaja kutoka Kolkata kwa gari na treni, maelfu kwa maelfu. Wakaacha nini? Plastiki, majivu, maji machafu, moshi wa majiko ya makaa, kelele za mitambo na vipaza sauti. Uwanja wa shule iliyofundisha dunia kuheshimu mti ukawa jaa. Shauri likafika mbele ya mahakama ya India inayohusika na mambo ya mazingira, na katika miaka ya 2010 mahakama ikatoa amri za kupunguza takataka, moshi na kelele. Fataki nazo zikakomeshwa.

Magomvi hayakwisha. Mwezi wa Agosti mwaka 2020 wakubwa wa chuo walianza kujenga ukuta kuuzunguka uwanja wa soko. Walisema wanalinda ardhi. Wenyeji wakakasirika: shule ya Tagore, shule isiyo na kuta, inajenga ukuta! Kundi kubwa la watu likaja, likabomoa yaliyojengwa. Kwa miaka mitatu soko halikufanyika katika uwanja wake. Lilirudi Desemba 2023. Mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, UNESCO iliiandika Santiniketan kati ya mahali pa urithi wa dunia. Heshima ni kubwa. Lakini heshima huleta wageni, na wageni huleta mahoteli, na mahoteli hunywa maji ya visima katika inchi kavu.

Hata miti yenyewe inatoa fundisho. Katika makorongo ya khoai watu wa misitu wa serikali walipanda miti mingi iitwayo sonajhuri, ili kuzuia udongo. Ni mti wa asili ya Australia na Papua, unaokua haraka, kama vile mikaratusi ya kwetu. Udongo ulishikwa, ni vema. Lakini msitu wa mti wa namna moja si sawa na bustani ya miti mingi aliyoipanda Debendranath. Chini ya miti hiyo kuna soko sasa, na wageni wanajaa. Kazi iliyoanza kwa kuponya jeraha sharti ilindwe isifanye jeraha jipya.

Tunajifunza nini?

Tunaona kwanza kwamba mti hautaki amri peke yake. Unataka kupendwa. Sanaa inaweza kufundisha mapendo hayo: wimbo, ngoma, picha, vazi la mtoto. Shule zetu zina waimbaji hodari na wachezaji hodari. Kwa nini siku ya kupanda miti wimbo wao uwe wa kumsifu mgeni tu, wala si wa kuupokea mche?

Pili, tunaona kwamba wimbo peke yake hautoshi. Santiniketan ilipata kivuli kwa sababu baada ya machela na maua kulikuwa na shimo, udongo mzuri, maji na ndoo ya Elmhirst. Wimbo unafungua moyo, ndoo inamwagilia. Mwenye wimbo bila ndoo anafanya mchezo. Mwenye ndoo bila wimbo atachoka mapema.

Tatu, tunaona kwamba desturi njema inaweza kuharibika katika mikono ya wale wanaoipenda. Wageni wa Poush Mela hawakuja kwa chuki. Walikuja kwa sababu wanampenda Tagore. Lakini waliipenda sikukuu wakasahau kazi. Hatari hiyo inatungoja sisi sote, katika parokia, katika shule, katika kijiji. Tukiisha kupanda, tusikae kuhesabu miche iliyopandwa. Tuhesabu iliyo hai baada ya mvua tatu.

Miti miwili ya chhatim ya mwaka 1863 ilikuwa tayari pale Debendranath alipofika. Mtu asiyejulikana jina lake, au upepo tu, uliileta mbegu. Yote yaliyofuata yalikuwa kazi ya watu, kila mwaka, mwaka baada ya mwaka. Nanyi mlio na mahali penye mti mmoja uliobaki, jueni kwamba mmekwisha pata mwanzo.